Uko na Mutu Kule Mutwanga?

Butembo, tarehe 3 mwezi wa tisa, 2000

Kutoka Kasindi hadi Manguredjipa hajazaliwa kijana mwenye akili kama mimi, na nikisema kijana ninawahurumia wazee tu. Shule niliiacha secondaire ya pili. Masomo hayakunishinda hata kidogo. Walimu ndio walibaki bila kitu cha kunifundisha, wakaona haya. Ningeendelea mwaka mmoja tu, Wazungu wangefunga université zao na kuja kulima maharagi huku kwetu. Pikipiki ninaiendesha mikono ikiwa mfukoni. Wasichana wa Butembo wakiniona nikipita wanasahau walikuwa wanaenda wapi. Na tangu wiki iliyopita mimi ni mtafiti.

Mkubwa wangu ni Chef Kalala, ingénieur wa kilimo, mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma kwenye Institut yetu, chuo cha kilimo, kabla ya vita. Kisha vita vikaja: Kinshasa ikabaki upande ule, sisi upande huu pamoja na waasi na askari wa Uganda, na mshahara wake ukapotea katikati. Mke wake Simone na binti yao Elikia wako Mbuji-Mayi. Daftari hili amenipa yeye. Amesema: «Mutu wa utafiti anaandika, Jephté. Hata siku ya bule, siku haina kazi.» Ninaandika Kiswahili cha mission, kile kizuri, ili siku moja wajukuu wa Agar, dactylo, mpiga mashine wa Institut, wasome na kujua bibi yao alikataa mwanaume wa namna gani.

Tarehe 5

Kazi yenyewe ni hii. Kahawa ya kwetu inakufa imesimama. Leo majani yanalegea, baada ya wiki chache yameanguka yote, matunda yamebaki juu meusi kama mavi ya mbuzi. Dawa inayojulikana ni moja: ng'oa mti na mizizi, uchome palepale, kabla haujaambukiza jirani yake. Inauma, mais, yaani lakini, ndiyo dawa.

Sasa muzee Vagheni, yule mfanyabiashara anayejenga étage, ghorofa ya tatu, wakati wengine tunaezeka bâche za turubai, ameleta kupitia mpaka wa Kasindi unga wa manjano ambao anasema unaponya. Chef anataka kujua kama ni kweli. Tunachukua mashamba mawili ya Mutwanga, kila moja nusu tunatia unga, nusu hatutii kitu. Mvua ikiisha tunahesabu. Matokeo yatachapwa katika revue, jarida la Institut, lile la padri wetu, Père Manassé. Na kila kitu kinachochapwa mle, makatekista wanakisema katika chapelle zote mpaka chini ya Ruwenzori. Donc, basi, tukikosea, vilima vizima vinakosea nasi.

Chef aliniita bureau, ofisini kwake, akafunga mlango.

«Jephté, uko na mutu kule Mutwanga? Ndugu, shemeji, mutu wa jamaa?»

«Hapana, Chef. Siko na mutu.»

«Shamba ya jamaa hapana kuingia. Jicho ya ndugu inaona kile inapenda.»

«Chef, mimi hata Mutwanga ninaijua kwa jina tu.»

Nina mama mudogo Kavira kule. Mama yangu alikufa sijaota meno, papa akaenda Manguredjipa kutafuta dhahabu akasahau njia ya kurudi, na Kavira akanibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini. Mais shamba litakaloingia linapewa unga bure. Ungefanya nini, wewe unayesoma? Nilichagua la kwake.

Mutwanga, tarehe 9

Nimemkuta mama Kavira na mupanga mkononi.

«Papa!» Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mchanga. «Umekonda hivi! Batu ya Butembo habakule?»

«Mama, weka mupanga chini. Sayansi imefika.»

«Sayansi iko na mafuta ya kupikia?»

Alikuwa anaanza kung'oa. Katekista amewaambia wang'oe na kuchoma yote inayolegea, na sehemu kubwa ya shamba lake bado ni nzima. Nikamwambia angoje, mvua moja tu, tuone unga.

«Na kama unga haina nguvu?»

«Mama, ni mimi ninasema.»

Akaweka mupanga chini. Kwa mtu mwingine asingeweka.

Unga nimeutia upande wa chini, kando ya barabara. Mtaalamu mwingine angekupa sababu ndefu. Mimi nilichoka kubeba magunia. Upande wa juu hatutii.

«Ule wa juu munaufanya nini?»

«Tunauangalia.»

«Munauangalia unakufa.»

«Njo utafiti, mama, ndivyo unafanywa.»

«Sasa wewe ungezaa batoto mbili, bote bagonjwa, mumoja unamupa dawa, mwengine unamuangalia?» Akacheka, akanipa ndizi za kuchoma. Nilijaza mdomo.

Butembo, tarehe 16

Mvua.

Tarehe 17

Mvua. Nimemtania Agar. Amenitupia kifuniko cha mashine. Kwa hiyo ananipenda.

Tarehe 29

Leo nimeijua siri ya pikipiki. Nilikuwa nadhani ni ya Institut. Mtoto wa muzee Vagheni amekuja kuweka petroli akaipangusa kama mtu anayepangusa kitu cha kwao. Na nyumba ambayo Chef analala? Ya Vagheni. Na gunia la mchele? Usiulize.

Jioni nikamchokoza. «Chef, mwenye unga njo mwenye pikipiki? Sasa wewe unapima dawa ya mutu ukiwa umekaa juu ya kiti yake?»

Nilidhani atanifukuza. Akaweka kikombe cha chai chini.

«Mutu akikupa chakula,» alisema, «na wewe unapima mali yake, unaandika chini ya article: mwandishi anatangaza kwamba alipewa hiki na hiki, na fulani. Haisemi wewe ni mwizi. Inasema tu: musomaji, fungua macho. Donc nitaandika.»

«Na muzee akikasirika?»

«Njo sababu ya kuandika.»

Mzee huyu hajui kuishi. Kama ningekuwa na nyumba ya bure ningetangaza kwamba nilizaliwa ndani yake.

Tarehe 8 mwezi wa kumi

Njia ya Beni imefungwa, kumepigwa risasi huko. Hakuna kazi. Butembo siku ya mungu baada ya misa ni mji wa milango: kila mmoja amefunga wa kwake na wa kwake wako ndani. Mimi na Chef tulienda kwa mapadri kwenye phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Aliita Mbuji-Mayi mpaka koo likakauka. «Simone, Simone, unanisikia, à toi, zamu yako.» Zikarudi zile kelele tu, kama mtu anakaanga mafuta. Tulikula. Baadaye aliniuliza kama najua kusuka nywele za mtoto. Nikasema najua kila kitu. Hakucheka.

Tarehe 9

Siku ya bule.

Tarehe 24

Barabara imefunguka. Shamba letu la pili la Mutwanga limekufa kwa utafiti: mwenyewe amekimbilia Uganda na jamaa yake yote, majani yamepanda mpaka kifua. Limebaki moja. Chef amesema mvua moja na shamba moja ni kidogo sana, atalisema hilo waziwazi, mais watu wanangoja jibu.

Limebaki la mama Kavira.

Agar alikuwa anapiga ukurasa wa kwanza. Vidole vyake vinakimbia, macho yake yako kwangu.

«Wewe, bingwa. Hii shamba moja ya Mutwanga, hauko na mutu kule? Mbona unaitaja kama iko ya bibi yako?»

«Bibi yangu ni wewe.»

«Ninauliza kweli.»

«Siko na mutu, Agar. Mimi ni yatima wa dunia nzima.»

Alirudi kwenye mashine yake. Alipiga neno moja, akalifuta.

Tarehe 14 mwezi wa kumi na moja

Chef atakuja Mutwanga mwenyewe kuhesabu na mimi. Nimempa dereva wa pickup ujumbe wa mdomo kwa mama Kavira: mgeni mkubwa anakuja, siku ya posho, Jumamosi. Nilitaka achinje kuku tu. Wazo zuri, mimi ndiye mwanzilishi wa mawazo mazuri.

Mutwanga, tarehe 18

Tulifika tumelowa. Katika safari yote nilikuwa nikipanga nitakavyomsalimu mama, na katika safari yote nilisahau kwamba Chef atakuwa anasikia.

Alisimama mlangoni, kitenge kipya, uwanja umefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Akafungua mikono. Mdomo wake ulikuwa tayari una lile neno, papa. Mimi nikaangalia pikipiki. Nikaanza kupangusa taa yake, wewe, taa, na mvua inanyesha.

Chef akasalimu vizuri, kisha akauliza, kwa adabu tu: «Mama, huyu kijana munajuana naye? Ni wa huku?»

Mama Kavira aliniangalia. Haikuwa muda mrefu.

«Hapana, Chef. Ninamuona tu na kazi yake.» Kisha akanigeukia. «Karibu, monsieur.»

Monsieur! Mimi, ambaye alikuwa ananipangusa makamasi kwa kidole.

Alitunawisha mikono, yeye ameshika jagi, kichwa chini. Chef kwanza, halafu mimi. Alinipa ile sahani ya maua ambayo nikiwa mdogo nilipigwa kwa kuigusa tu. Alinipa paja la kuku. Kwake mimi ninakulaga shingo na miguu, na tunaigombania, na yeye ananidanganya kwamba kuku wa mwaka huu wamezaliwa bila paja. Nilikula paja. Lilikuwa limekauka mdomoni kama karatasi.

Jikoni niliona kuni mpya, rundo refu mpaka kwenye paa. Kuni za kahawa. Zinawaka vizuri, haraka, bila moshi mwingi. Sikuuliza.

Kisha kuhesabu. Mvua ikazidi, Chef alikuwa na homa tangu Beni, akasimama chini ya mgomba na karatasi ndani ya plastiki. Mimi nikaingia kwenye mistari nikawa naita kwa sauti, yeye anaandika. Upande wa juu: imekauka, imekauka, imekauka. Upande wa barabara, wenye unga: hakuna hata mmoja uliokauka. Hapa na pale kati ya mistari, mama amepanda maharagi, vitanda vidogo vya duara, bado machanga.

«Hata mumoja?» Chef aliita.

«Hata mumoja, Chef!»

Alicheka peke yake chini ya mgomba. Tangu nimjue sikuwa nimemwona akicheka.

Wakati wa kuondoka mama alimfungia Chef mayai ndani ya majani ya mgomba. Mimi alinipa mkono. Tulishikana mikono kama watu wa bureau.

Butembo, tarehe 20

Nimechoka. Siandiki.

Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili

Muzee Vagheni ameleta soda kwa watu wote wa Institut. Anamwita Chef «mwanangu». Chef ameandika kurasa zote, na mwisho ameandika yale maneno yake. Aliniruhusu kusoma: Mwandishi anatangaza kwamba nyumba, pikipiki na petroli ya utafiti huu alipewa na muuzaji wa dawa. Na chini: Anamshukuru Jephté, aliyehesabu.

Jina langu. Litachapwa. Nimelisoma mpaka likaacha kuonekana kama jina la mtu.

Tarehe 9

Leo ngoja niandike vizuri, kwa sababu leo nimeona mwanaume.

Muzee Vagheni aliingia bureau bila kubisha. Mtu alikuwa amemwambia habari za lile tangazo.

«Mwalimu, ninasikia umeandika jina yangu.»

«Sikuandika jina, muzee. Niliandika muuzaji wa dawa.»

«Muuzaji ni nani mwengine hapa, ni mbuzi? Nilikupa nyumba. State yako ilikutupa kama ganda ya ndizi, mimi nikakuokota. Nilikuomba nini?»

«Hapana kitu, muzee. Ninajua.»

«Nilikuambia andika unga iko muzuri?»

«Hapana hata siku moja.»

«Na iko muzuri! Hesabu yenyewe inasema! Sasa unataka batu basome, baseme Kalala alikula kwa Vagheni, donc hesabu ni ya tumbo?»

Chef alisimama. Ni mfupi, Chef. Akisimama hakuna kinachobadilika sana. Aliweka mikono nyuma.

«Kama unga yako iko muzuri, muzee, haiogope maneno tatu ya chini. Na kama maneno tatu inaweza kuiua, basi ilikuwa inaishi juu ya nini?»

Vagheni akarudi mpaka mlangoni. Hakuwa hata na hasira tena, alikuwa kama mtu aliyeumizwa na ndugu. «Wewe ni mutu wa mbali,» alisema. «Haujue kukaa na batu.»

«Ni kweli,» Chef alisema. «Sikuzoea.»

Mimi nilikuwa kwenye kona na kikombe. Miezi yote hii nilikuwa ninamwona Vagheni kama fisi na Chef kama mjinga. Leo nikaona Vagheni ni mtu tu ambaye alitoa na anataka kupendwa. Na Chef! Nilitaka kupiga makofi. Nilitaka pia kusema kitu. Kilifika mpaka kwenye meno. Nikanywa chai.

Tarehe 11

Pikipiki imeenda. Nyumba imefungwa. Chef analala kwenye depot, ghala la Institut, juu ya marobota ya karatasi. Amesema ni kitanda cha kwanza Butembo ambacho hamshukuru mtu.

Tarehe 15

Père Manassé anachapa kesho. Aliniita kwenye mashine ya stencil, mikono myeusi mpaka viwiko.

«Jephté, Kalala amelipa vikali juu ya tangazo lake. Sitaki ikuwe bule. Wewe njo ulihesabu. Uko na mutu kule Mutwanga?»

«Hapana, mon Père.»

Mara ya tatu. Jogoo wa mapadri hakuwika. Ilikuwa saa ya chakula, labda alikuwa kwenye sahani.

Tarehe 19

Chef ameondoka. Lori la kahawa mpaka Kasindi, kisha Uganda, kisha azunguke nchi za watu mpaka aingie Kongo kwa mlango mwingine, kama atapata mlango. Ana nakala moja ya revue ndani ya shati, ya kumwonyesha Simone kwamba hakukaa bure. Alipanda juu ya magunia akanipa mkono.

«Wewe uko mutafiti wa kweli, Jephté. Kinywa kirefu, mais jicho safi.»

Lori likaondoka. Nilitaka kukimbia nyuma yake. Nimeandika nilitaka.

Tarehe 25

Noeli. Agar yuko kwao, Père yuko kanisani kwa Mungu wake. Nilienda kwenye depot nikalala juu ya karatasi za Chef. Sikwenda Mutwanga. Kila Noeli ya maisha yangu nimekula Mutwanga.

Tarehe 2 mwezi wa kwanza, 2001

Jua. Siku ya bule.

Mutwanga, tarehe 7

Nimekuja kwa pickup. Hata kabla ya kushuka nimesikia jina langu. Baada ya misa katekista amesoma revue mbele ya kanisa, kwa Kinande, mstari kwa mstari, mpaka chini, mpaka kwenye tangazo. Na unajua watu walisema nini? Mzee mmoja amesimama: «Huyu mutu amesema mwenyewe nani alimupa pikipiki. Mutu hafiche pikipiki, atadanganya juu ya kahawa?» Wote wakaitika. Lile tangazo ambalo Chef aliliandika ili wafungue macho, ndilo limewafumba. Wamerudisha mapanga nyumbani. Wametuma vijana Butembo wakanunue unga.

Njia nzima ya kwenda kwa mama watu walinisalimu kwa mikono miwili. Virginie, jirani yake, ambaye shamba lake lilikuwa la kijani kabisa mwezi wa tisa, alinishukuru: «Wasingya, wewe njo umetuokoa! Nilikuwa tayari kung'oa.» Nyuma yake nikaona mistari ya mpakani. Imelegea yote.

Mama Kavira alikuwa uwanjani anapepeta maharagi.

«Karibu, monsieur.»

«Mama, ni mimi.»

«Ninajua ni wewe. Macho haijakufa.»

«Usiniite vile.»

«Nikuite aje? Ulifika na mukubwa wako, ukaangalia taa. Nikaona: kazi yake inataka asikuwe na mutu. Nikasema basi, niko nani nimuonyeshe muongo mbele ya batu?» Alipepeta. «Haikuniuma sana. Iliuma wakati wa paja.»

Nikamuuliza juu ya miti ya barabarani. Nilijua. Nilitaka aseme yeye.

«Si wewe ulituma habari mugeni anakuja? Nani anapokea mugeni na shamba chafu? Ile yenye kukauka kando ya njia niliing'oa yote, nikafunika mashimo, nikapanda maharagi isionekane mbaya. Kule juu hapana kupita mugeni, nikaacha. Nguvu pia ilikuwa imeisha.» Akaniangalia. «Nilikosea, papa?»

Lilimtoka tu. Hata yeye alistuka.

Tulipanda shambani. Hakuna upande wa juu tena, hakuna upande wa barabara. Yote imesimama imekufa, na unga wa manjano bado uko kwenye mizizi kama mtu alimwaga poda kwenye maiti. Mwezi wa tisa alikuwa na mupanga mkononi.

Butembo, tarehe 14

Nilienda kwa Agar nikamwambia nina kitu cha kupigwa chapa kwa ajili ya revue. Aliingiza karatasi, akaweka vidole tayari, hakunitania. «Sema sasa.» Nilifungua mdomo huu ambao unajulikana kutoka Kasindi hadi Manguredjipa. Alingoja sana. Mwishowe alisema: «Nenda ukaandike kwanza kwa mukono. Mimi niko hapa.»

Ninaandika kwa mkono.

Wakati wa mvua ile, Chef akiwa chini ya mgomba, nilifika kwenye kitanda cha kwanza cha maharagi nikajua mara moja kilichokuwa pale, kwa sababu mti ule tulipanda mimi na mama nikiwa na miaka ya kuhesabika. Nikaita: mzima. Kitanda cha pili: mzima. Nilihesabu mashimo kama miti, moja baada ya lingine, kwa sauti nzuri. Sikufanya hivyo kwa ajili ya unga, wala Vagheni, wala jina langu kwenye karatasi, ingawa jina nililipenda. Ni kwamba ili niulize miti imeenda wapi, ningelazimika kugeuka kuelekea jikoni na kuita «mama», na saa moja kabla nilikuwa nimepangusa taa. Kitu kilichoharibika ni hicho tu. Vingine vyote vimetoka humo: shamba lake, la Virginie, vile vilima, na Chef ambaye anazunguka nchi za watu na uongo wangu ndani ya shati lake.

Donc:

Aliyehesabu anatangaza kwamba shamba la Mutwanga ni la Kavira, na Kavira ni mama yake.